Meza ya kukatia vyuma kwa karakana za Mtwara na Lindi: grenda, mashine ya jiwe, ya meno, bendso, au unaunda mwenyewe?

Minada ya korosho ikishaanza, kuanzia Oktoba hivi, kazi za grili na mageti huku kwetu zinakuja kwa mkupuo. Tandahimba, Newala, Masasi, upande wa Lindi ni Ruangwa na Nachingwea huko, watu wanajenga kwa pesa ya msimu na kila mmoja anataka milango na madirisha yake yamefungwa kabla mvua hazijakolea. Hapo ndo fundi anajiuliza, hivi ntaendelea mpaka lini kukata chuma kwa grenda ya mkono huku nimekikanyaga na mguu? Anaamua kutengeneza meza ya kukatia, anaanza kuulizia mashine, na kila muuzaji anasifia ya kwake.

Nazilinganisha hapa kwa mazingira yetu, yaani karakana ya fezi moja, hewa ya bahari inayokula kila kitu, vipuri vingi vinafuatwa Dar kilomita 560 hivi kutoka Mtwara mjini, na chuma chenyewe tunachokata sana ni skwea paipu (bomba la mraba) nyembamba, engo (chuma cha umbo la L), flatibaa (chuma bapa) na nondo. Anayekata mihimili ya maghala ana mahitaji mengine kabisa.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua naelekea wapi: spidi inatoka kwenye mashine ila unyoofu unatoka kwenye meza. Ukiweka mashine ya bei mbaya chini sakafuni, paipu ya mita 6 imelala juu ya matofali, utatoa vipande vilivyopinda vile vile. Ukiweka mashine ya kawaida kwenye meza iliyotulia, yenye rola za kubebea chuma na stopa ya kuzuilia kipimo, utakata vipande vya grili nzima vinalingana hata ukipanga kimoja juu ya kingine. Kwa hiyo kama pesa ni ya kugawa, gawa meza ipate kwanza.

GRENDA KWENYE STENDI

Uzuri wake unajulikana, grenda unayo tayari, stendi yake bei ndogo, umeme haina shida. Kwa mtu anayeanza au anayefuata kazi saiti na bajaji ya mizigo, inasaidia kweli.

Shida yake ni mchezo, yaani kulegea. Kabla hujanunua stendi ya grenda, ishike kichwa pale dukani itikise kulia na kushoto, ile nafasi unayoisikia pale kwenye bawaba ikifika kwenye ukingo wa jiwe (diski ya kukatia) inakuwa kubwa zaidi, na jiwe litaifuata. Kwa skwea ya inchi moja huoni sana, kwa ya inchi mbili unaona, kwa ya inchi tatu hata haliingii mpaka mwisho. Jiwe la inchi 9, yaani milimita 230, linakata kina cha milimita 65 hivi likiwa mkononi, ukiliweka kwenye stendi kina kinapungua.

Halafu kuna tabia ambayo naomba sana iishe. Mtu ana grenda ya inchi 7, anatoa kava, anapachika jiwe la 9 ili lifike chini. Grenda ya 7 inazunguka mpaka 8,500 kwa dakika, jiwe la 9 limeandikwa mwisho 6,600. Hesabu hiyo haina majadiliano, jiwe limezidishiwa spidi, kava imetolewa, na sura ya fundi ipo usawa huo huo. Soma namba iliyoandikwa kwenye jiwe, isome kila unapofungua pakiti mpya.

Na kibaya zaidi ni wale wanaogeuza grenda juu chini, wanaifunga chini ya plate yenye mpasuo, jiwe linachomoza juu, wanasukuma chuma kwa mkono kama wanapasua mbao kwenye sakulaso. Hiyo ndo watu wengi wanaielewa wakisikia meza ya msumeno wa chuma, na mimi hiyo siipendekezi kwa mtu yeyote, hata kwa kazi ndogo. Jiwe la kukatia ni jembamba, linastahimili nguvu ya mbele na nyuma, nguvu ya ubavuni hailistahimili. Ukisukuma chuma kwa mkono kinapinda kidogo tu, jiwe linabanwa, linapasuka, na hakuna kava ya kulizuia. Chuma kifungwe kwenye vaisi (kibanio), mashine ndo ishuke. Ukitaka kupasua plate kwa urefu, funga engo iliyonyooka juu ya plate kwa klempu mbili, pitisha grenda ya mkono na kava yake ukifuata hiyo engo, unapata mstari safi kuliko ile meza ya kugeuza.

MASHINE YA JIWE LA INCHI 14

Hii ndo iliyojaa kwenye karakana nyingi za Mtwara na Lindi. Jiwe milimita 355, tundu la katikati milimita 25.4, mota ya wati 2,000 mpaka 2,400, mzunguko kama 3,800 kwa dakika. Inakata kila kitu, nondo, engo, springi ya lori, paipu iliyokula kutu, haichagui, na jiwe likiisha unanunua lingine kwenye duka lolote la vifaa hata ukiwa Mtama au Mangaka. Hilo la mwisho msilidharau, mashine ambayo jiwe lake unalipata kilomita mbili kutoka ulipo ina thamani ambayo haijaandikwa kwenye boksi.

Ubaya wake: kelele, vumbi, cheche, na mwisho wa kipande unatoka wa moto, umepata bluu, una chuma kilichojikunja ukingoni ambacho lazima ukisugue kabla ya kuchomelea. Kwa skwea ya milimita 1.2 ule ukingo ulioungua ukiuchomelea bila kusafisha unatoboka kirahisi. Pia jiwe likiwa limechoka linapinda kidogo, hasa ukilikandamiza, na kata yako inatoka na tumbo.

Watu wanalalamika pia kwamba jiwe linakula chuma, ni kweli lina unene wa milimita 2.5 mpaka 3 na linapoteza kiasi hicho kila kata, lakini piga hesabu, kata mia moja ni sentimita 30 tu, chini ya nusu mita. Wanaonunua mashine ya gharama kwa sababu hiyo peke yake wanajidanganya. Chuma kinachopotea kwelikweli ni vile vipande vilivyokatwa vifupi au vilivyopinda vinavyotupwa pale kona.

Kitu kimoja cha huku pwani: mawe haya yameshikwa na gundi ya resini na unyevu unayadhoofisha. Angalia kile kipete cha chuma katikati ya jiwe, kuna mwezi na mwaka umegongwa pale, huo ndo mwisho wa kutumika, kawaida miaka mitatu toka litengenezwe. Jiwe lililokaa dukani karibu na bahari mpaka tarehe imepita liache hata kama wanakupunguzia. Na ya kwako yaweke sehemu kavu, yalale bapa, usiyaegemeze ukutani yakapinda. Jiwe jipya likishafungwa liache lizunguke tupu kama dakika moja huku umesimama pembeni, usikae usawa wake.

Aluminiamu usiikatie hapa. Inayeyuka inaziba jiwe. Wa madirisha ya aluminiamu wana mashine zao.

YA KUUNDA MWENYEWE, MOTA NA MKANDA

Hapa nina mapenzi napo, na nadhani mafundi wetu wanaijua vizuri kuliko wanavyopewa sifa. Unachukua mota ya induksheni ya hospawa 3, shafti, beringi mbili za kusimama, pulii mbili, mkanda, unachomelea mkono na fremu, mashine inakaa miaka. Faida kubwa ni kwamba mota ya aina hii haina kaboni (brashi za mota) za kuisha na inavumilia kazi ya kutwa, wakati zile za dukani za mota ya kaboni zinataka kupumzishwa, na vumbi la chuma likiingia ndani yake ndo kifo chake.

Lakini hesabu ya pulii ndo roho ya mashine, na ndipo watu wanapokisia. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo mota ya spidi kubwa inazunguka kama 2,850, ya spidi ndogo kama 1,440, soma kibao cha mota yako. Unazidisha spidi ya mota na ukubwa wa pulii ya mota, unagawa kwa pulii ya shafti. Mota ya 2,850 na pulii ya inchi 4 kwenye mota, inchi 3 kwenye shafti, unapata 3,800, safi kabisa kwa jiwe la inchi 14 ambalo mwisho wake ni 4,300 hivi. Ukiweka inchi 6 kwa inchi 3 unapata 5,700, hilo jiwe litapasuka, na swali linabaki ni siku gani. Mota ya 1,440 unahitaji inchi 8 kwa inchi 3, inakupa 3,840. Na ukitamani jiwe la inchi 16 kumbuka kadiri jiwe linavyokuwa kubwa spidi inashuka, la milimita 400 mwisho wake ni 3,800 tu, kwa hiyo huwezi kubadilisha jiwe ukaacha pulii zile zile.

Shafti ikereze, usiokoteze bomba. Zile beringi za kusimama, za UCP205, zinashika shafti ya milimita 25, ila jiwe lina tundu la 25.4, kwa hiyo chukua chuma kinene kidogo kikerezwe pande zote, sehemu ya beringi 25 kamili na kikalio cha jiwe 25.4 kamili. Mwenye mashine ya kukereza mjini hakosekani, na SIDO (shirika la viwanda vidogo) na VETA (vyuo vya ufundi) zipo Mtwara na Lindi pia, kaulizie. Sahani mbili zinazobana jiwe ziwe sawa kwa ukubwa na zisipungue robo ya kipenyo cha jiwe, yaani sentimita 9 kwa jiwe la 14, na ile karatasi inayokuja na jiwe usiibandue, ipo pale kwa kazi. Nati ielekee upande ambao mzunguko unaikaza wenyewe.

Bawaba ya mkono usitoboe tundu ukapitisha bolti basi. Weka beringi mbili zilizoachana, sentimita 20 au zaidi, maana mkono mzima unaninginia pale na mchezo mdogo hapo ni mpindo mkubwa kwenye kata. Kava iwe plate ya milimita 3 ifunike nusu ya juu yote. Ambaye hataki kutengeneza kava asianze huu mradi, namwambia kwa nia njema.

Ubaya wa ya kuunda: nzito, haihami, mota ya fezi moja ya hospawa 3 inavuta umeme mwingi sana ikianza, na ukijumlisha mota, beringi, pulii na kukereza, kama mota huna tayari inaweza isiwe rahisi kuliko ya dukani. Ukiwa na mota imekaa stoo, hapo sawa.

MASHINE YA MENO

Kwa sura inafanana na ya jiwe, ila inazunguka taratibu, 1,300 mpaka 1,500, na bledi yake ina meno ya kabaidi. Kata yake ukiiona mara ya kwanza utaipenda, mwisho wa kipande unang'aa, umenyooka, unaweza kuushika muda mfupi baada ya kukata, unapeleka moja kwa moja kwenye kuchomelea. Cheche ni chache sana, zinatoka chenga. Kwa fundi anayetengeneza fenicha za chuma, vitanda, meza, mageti ya kata za foti faivu (digrii 45) nyingi ambapo kila kiungo kinaonekana, hii inaokoa muda mkubwa wa kusugua.

Ila inadai nidhamu. Chuma kikicheza kwenye vaisi meno yanavunjika. Nondo ngumu, springi za magari, chuma kilichopigwa moto, vyote hivyo ni adui wake. Ukikandamiza wakati inaanza kugusa, jino linaondoka, na moja likiondoka linalolifuata linapata kazi mara mbili. Bledi moja bei yake inanunua mawe mengi sana, inanolewa ndio, lakini hakikisha kwanza unamjua wa kuinoa, la sivyo unaituma Dar na unabaki bila mashine. Hesabu yake ni rahisi, gawa bei ya bledi kwa kata unazotegemea kupata, gawa bei ya jiwe kwa kata ambazo jiwe lako linakupa sasa, halafu kwenye jiwe jumlisha jiwe la kusugulia na muda wa kijana anayesugua. Hapo ndo utajua, na kwa karakana ya vijana wawili watatu wanaopokezana mashine moja, mara nyingi jiwe linashinda kwa sababu hakuna anayekubali kuvunja meno na kila mmoja anayavunja.

Jambo la hatari: usichukue bledi ya meno ukaifunga kwenye mashine ya jiwe kwa sababu tundu limeingia. Tundu ni moja, 25.4, spidi ni karibu mara tatu. Kama unaunda mwenyewe na unataka ya meno, mota ya 1,440 na pulii mbili zinazolingana zinakupa spidi sahihi, au mota ya 2,850 na inchi 3 kwa inchi 6.

BENDSO

Ule msumeno wa mkanda unaojishusha wenyewe kwa uzito wake. Kimya, kata nyembamba, hauna cheche, ukimaliza unajizima. Unafunga chuma, unawasha, unaenda kuchomelea kitu kingine. Kwa shafti nene, engo nene, raundi baa za inchi mbili, hakuna inayoushinda hapa, na unaweza kufunga paipu nne au sita pamoja ukazikata kwa mkupuo.

Kwa skwea nyembamba moja moja ni mpole, wakati jiwe linamaliza kwa sekunde chache wenyewe unachukua kama dakika. Na meno ya mkanda uchague kwa unene wa chuma, nyembamba inataka meno 14 mpaka 24 kwa inchi, nene inataka 6 mpaka 10, ukiweka meno makubwa kwenye paipu ya milimita 1.2 yananasa na kung'oka. Mashine ndogo za inchi 4 na nusu nyingi zinatumia mkanda wa milimita 1,638 kwa 13, andika kipimo cha yako ukutani na ukipata mtu anatoka Dar agiza mikanda miwili mitatu kwa pamoja. Kitanda chake cha chuma cha kumimina kinashika kutu haraka kwa hewa ya Shangani pale Mtwara au Lindi mjini, kipake grisi kila jioni.

Halafu ona tofauti hii ndogo ya kuweka chuma. Kwenye jiwe, flatibaa isimamishe kwa ukingo wake na engo iweke mgongo juu kama paa la nyumba, ili jiwe likate eneo dogo kwa wakati mmoja. Kwenye bendso flatibaa ilaze bapa, ili meno mengi yaguse chuma kwa pamoja. Wengi wanahamia bendso na mazoea ya jiwe, meno yanaisha mapema afu wanasema mkanda ni feki.

SASA MEZA YENYEWE

Mashine yoyote utakayochagua, meza ni karibu ile ile, ndo maana nasema anza nayo. Skwea paipu ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2, mita 6 nzima, ina kilo 14 hivi. Hiyo si nzito, ila ikining'inia upande mmoja inanyanyua kipande kwenye vaisi, inafungua kata mwanzoni na kuibana mwishoni, na hapo ndo jiwe linapasuka. Rola ndo dawa.

Mimi napendelea upande wa kuingizia uwe mita 3 na wa kutokea mita 1.5. Fremu skwea ya 50 kwa 50 ya milimita 3, au engo ya inchi mbili. Pale mashine inapokaa shusha kitako ili kitanda cha mashine kiwe sawa kabisa na mgongo wa rola, weka rula ndefu ya chuma juu yake uone mwanga haupiti. Urefu kutoka chini sentimita 85 mpaka 90, mgongo wako utashukuru. Kila mguu uchomelee nati ya M12 na bolti chini yake kwa ajili ya kulevo (kusawazisha), maana sakafu zetu hizi haziko sawa, unakaa na pima maji unazungusha mpaka inatulia.

Rola usinunue. Vipande vya bomba, beringi za tairi la bodaboda zilizotoka zile 6301 au 6202 ambazo bado zinazunguka, shafti ya milimita 12 kwa 6301 au 15 kwa 6202. Rola tano sita zinatosha, ila zote ziwe mstari mmoja, moja ikiwa juu kwa milimita mbili inakuharibia kata zote na utailaumu mashine.

Stopa ndo kitu kitamu kuliko vyote kwenye meza hii. Unachomelea flatibaa ndefu nyuma ya rola za kutokea, unabandika tepu ya chuma juu yake, unatengeneza kipande cha engo kinachoteleza na kukazwa kwa bolti. Unapima mara moja, unakata nguzo zote za grili bila kushika tepu tena. Lakini stopa iwe na bawaba, ikunjike pembeni. Unasukuma paipu mpaka iguse, unakaza vaisi, UNAIKUNJA STOPA, ndo unakata. Ukiiacha imegusa, kipande kikikatika kinakosa pa kwenda, kinakaa katikati ya jiwe na stopa, kinapindika na kurushwa. Kwa sababu hiyo hiyo usifunge chuma pande zote mbili za jiwe, bana upande mmoja, upande wa kipande uwe huru umelala kwenye rola.

Kupima kama kata iko sawa usitegemee ile mistari ya digrii kwenye mashine. Kata skwea paipu moja katikati, chukua kipande kimoja ukigeuze juu chini, viunganishe tena pale pale kwenye kata vikiwa vimeegemea ukingo ulionyooka. Kama kuna mwanya juu au chini, huo mwanya ni kosa mara mbili, kwa hiyo rekebisha nusu yake. Digrii moja tu ya kosa kwenye skwea ya milimita 100 ni karibu milimita 1.75, na mwanya huo kwenye foti faivu ya geti unaujaza kwa vijiti na geti linavutika linapinda. Ukishaipata 90 na 45 toboa tundu kwenye kitako upige pini, ili siku ukizungusha urudi pale pale bila kupima upya.

Cheche zipangie njia. Nyuma ya mashine weka sanduku la plate lenye mchanga au maji kidogo, na meza ielekeze cheche upande ambao hakuna rangi, thina, mitungi ya gesi wala ukuta wa makuti. Kumbuka upepo unabadilika, kusi likipiga katikati ya mwaka si sawa na kaskazi ya Disemba, karakana iliyo wazi upande wa bahari ifikirie yote mawili. Miwani na vizuia masikio lazima, na mikono mirefu inayoning'inia hapana.

Umeme: mashine ya wati 2,200 inavuta karibu ampia 10 ikiwa inakata na inazidi mara kadhaa ikianza. Ekstensheni ya waya wa milimita 1 yenye urefu wa mita 30 inakula volti kama 13 kwenye mzigo huo, ya 2.5 inakula 5 hivi. Kama uko mwisho wa laini mbali na transfoma na jioni taa zinafifia, hiyo tofauti ndo inayoamua mota iungue au isiungue. Vuta laini yake peke yake, 2.5, na breka yake na erthi ya kweli, meza ni chuma tupu umeiegemea kutwa.

NANI ACHUKUE IPI

Karakana ya grili, mageti na milango, chuma kinachanganyika, vijana wanapokezana: mashine ya jiwe la 14 juu ya meza nzuri. Hapo sina wasiwasi. Ukiwa na mota nzuri stoo na mtu wa kukereza karibu, unda yako, kava na pulii ukizingatia.

Fenicha na kazi za kuonekana, mkataji ni mmoja, chuma ni kipya cha dukani: ya meno, ila nunua na bledi ya akiba siku hiyo hiyo.

Unatengeneza mashine za kukoboa, shafti, fremu nzito, vipuri vya maboti: bendso, na ile ya jiwe ibaki pembeni kwa nondo na vyuma vya ovyo ovyo.

Uko Liwale au Nanyumbu unatumia jenereta: angalia jenereta kabla ya mashine, ndogo ya kVA 2.5 haitaianzisha ya wati 2,200 kwa raha, tafuta ya 5 au baki na grenda ndogo kwenye stendi uliyoikaza bawaba.

Ambaye hana pesa ya mashine msimu huu, tengeneza meza sasa hivi na uiachie kitako cha kushushwa cha sentimita 40 kwa 60 chenye bolti nne za kupandisha na kushusha, weka stendi ya grenda hapo kwa muda, mashine kubwa ikija unabadilisha bolti tu. Na baada ya wiki ya kwanza ya kazi pita na spana kwenye miguu yote, kaza upya, afu rudia kile kipimo cha kugeuza kipande.